Sare Iliyomponza Capablanca

Wengi wetu tukisikia neno sataranji tunawaza wazee wawili wamejiinamia, kila mmoja kashika tama, masaa yanakwenda na hakuna linalotokea. Afadhali drafti, wanasema, drafti ina kelele, ina matusi, mtu akiliwa kete tatu kwa mpigo mtaa mzima unajua. Mimi nasema hapana. Mimi ni mtu ninayetaka kuandika riwaya, na katika kusoma kwangu sijakutana na visa vingi vya kijana na mzee, vya kiburi na subira, vinavyoshinda vile vilivyopita kwenye ubao wa miraba 64. Hebu leo nikusimulie kimoja, ndugu msomaji. Kilitokea mjini St. Petersburg, Urusi, mwaka 1914.

Kwanza tuanzie mbali kidogo, maana mashindano haya makubwa hayakuota kama uyoga. La kwanza la kimataifa lilichezwa London mwaka 1851, wakati Uingereza inawaonyesha walimwengu mitambo na bidhaa zake katika Maonyesho Makuu. Wachezaji 16 walipangwa wawili wawili. Anayefungwa anafungasha virago. Akashinda mwalimu mmoja Mjerumani, Adolf Anderssen. Baadaye watu wakaona utaratibu huo una dhuluma, bingwa anaweza kuondoka kwa bahati mbaya ya siku moja tu. Ndipo ukashika mtindo wa kila mmoja kukutana na kila mmoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Hastings mwaka 1895: wachezaji 22, na aliyewapita wote, bingwa wa dunia akiwemo, alikuwa kijana wa Kimarekani wa miaka 22 ambaye Ulaya walikuwa hawamjui, Harry Nelson Pillsbury.

Sasa St. Petersburg. Waandaaji waliita majina makubwa 11 na kuweka utaratibu wa aina yake. Kwanza wote wakutane mara moja moja. Halafu watano wa juu waingie fainali, wakutane tena mara mbili mbili, na pointi za mwanzo zisifutwe. Shika hilo la pointi kutofutwa, maana ndilo lililozaa mkasa wote.

Katika hao 11 alikuwemo mzee Joseph Blackburne wa Uingereza, umri wake miaka 72, ambaye hakuingia fainali lakini alimfunga Aron Nimzowitsch, mtu aliyekuwa sawa na mjukuu wake. Alikuwemo Akiba Rubinstein, ambaye watu wengi walimtarajia afike mbali, kumbe akaachwa nje ya watano. Lakini macho ya watu yalikuwa kwa wawili.

Wa kwanza ni Emanuel Lasker, Mjerumani, Myahudi, daktari wa hisabati, umri miaka 45. Alikuwa bingwa wa dunia tangu 1894 alipomvua taji Wilhelm Steinitz. Miaka 20 juu ya kiti! Wa pili ni José Raúl Capablanca, wa Havana, Cuba, umri miaka 25. Kijana mtanashati, mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya nchi yake, na kucheza kwake kulikuwa kama maji yanayoteremka mlimani: hakuna jasho, hakuna kusukuma. Mwaka 1911 alishinda mashindano ya San Sebastián, Hispania, na mara moja akataka kupambana na Lasker kugombea taji. Mazungumzo yao yakavunjika juu ya masharti, wakaachana kwa uchungu. Kwa hiyo walipokutana St. Petersburg hawakuwa watu wawili tu wanaocheza. Mmoja alikuwa na kiti, mwingine anakitaka.

Duru ya kwanza ikawa ya kijana. Capablanca alimaliza na pointi 8 bila kufungwa hata mchezo mmoja. Lasker na Siegbert Tarrasch walikuwa na 6 na nusu kila mmoja, Alexander Alekhine na Frank Marshall 6 kila mmoja. Pointi moja na nusu mbele ya bingwa! Kwa watu wa kiwango kile, ambao sare kwao ni kitu cha kawaida, hiyo ni sawa na mabao matatu wakati wa mapumziko.

Fainali ikaanza, na Lasker akaanza kufunga. Katika michezo 8 ya fainali alikusanya pointi 7. Pengo likawa linaliwa kidogo kidogo, kama panya anavyokula kona ya gunia. Tarehe 18 Mei wakakutana ana kwa ana kwa mara ya mwisho. Capablanca bado anaongoza. Sare inamfaa sana. Lasker lazima ashinde, na yeye ndiye aliyeshika kete nyeupe.

Hebu jiweke wewe katika kiti cha Lasker. Unatafuta ushindi kwa vyovyote. Utafungua vipi? Mimi na wewe tungewasha moto: tungetupa askari mbele, tungemtoa malkia, tungetaka damu. Lasker alifanya kinyume kabisa. Alifungua kwa njia ya Kihispania, na hatua ya nne akala farasi wa Capablanca kwa askofu wake. Kufikia hatua ya saba malkia wote wawili walikuwa wameshatoka ubaoni. Uwanja ukapoa. Hiyo ndiyo njia ambayo watu huichukua wakitaka sare! Bila shaka wako watazamaji waliodhani mzee ameshakata tamaa.

Lakini hesabu askari waliobaki. Upande wa wafalme Lasker alikuwa na wanne dhidi ya watatu. Upande wa pili Capablanca alikuwa na wanne dhidi ya watatu, ila wawili kati ya wanne hao walisimama foleni moja, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa hiyo si rahisi watoe askari wa kupenya. Maana yake ni hii: kete zote kubwa zikibadilishana mpaka ziishe, askari wa Lasker wanashinda. Capablanca naye alikuwa na mali yake, maaskofu wawili dhidi ya mmoja, na mali hiyo inataka mchezo wa kuchangamka, njia zifunguliwe, mwenyewe ashambulie. Umeuona mtego? Kijana anayetaka kukaa kimya alipewa nafasi ambayo ukikaa kimya unakufa taratibu. Lasker hakumvamizi. Alimpa kile alichokitaka.

Na Capablanca akakaa kimya. Hatua ya 12 Lasker alimsukuma askari wake hadi f5, hatua ambayo ilionekana ya ajabu, maana ilimwacha askari wake wa e4 bila msaada wa askari mwingine. Hatua ya 13 akamtoa askofu wake mbele ya askofu wa Capablanca, kama anayesema: tubadilishane? Capablanca akaridhia. Ile mali ya maaskofu wawili ikaisha hivihivi. Hatua ya 16 farasi mweupe akaruka mpaka mraba wa e6, ndani kabisa ya nyumba ya mwenzake, safu ya tatu kutoka kwa mfalme mweusi. Askari wa f5 anamlinda. Hakuna askari mweusi awezaye kumfukuza. Askofu aliyekuwa na uwezo wa kumng'oa alikuwa ameshapelekwa kando, b7, anatazama ukuta wa askari wake mwenyewe.

Farasi yule alikuwa mfupa uliokwama kooni. Tazama kete nyeusi baada ya hapo zinavyohangaika. Farasi anarudi nyuma hadi c8. Askofu hatua ya 21 anaingia kona ya a8 kabisa, kama mtoto aliyeadhibiwa. Ngome zinakwenda na kurudi. Mfalme anatoka kwake, anatangatanga, mwisho anarudi e8. Lasker hana haraka. Anapandisha askari wake mmoja mmoja, anamtoa mfalme wake mwenyewe kutembea mbele kama afisa anayekagua gwaride, na ngome zake mbili anazihamishia safu ya h iliyofunguka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Halafu hatua ya 35. Hapa ndipo mimi huwa nasimama. Kila kitu kiko tayari, na Lasker anatoa askari bure: e5! Kwa nini? Kwa sababu askari wake huyo ndiye aliyekalia mraba wa e4, na farasi wake wa pili, aliyesubiri c3 tangu hatua ya 8, anauhitaji mraba huo. Capablanca akala. Farasi wa pili akapanda e4. Farasi wa kwanza, ule mfupa, hatimaye akatoka e6 na kutua c5, anamtisha askofu na ngome kwa wakati mmoja. Ngome ikaliwa. Ngome nyeupe zikaingia, moja h7, nyingine a8. Hatua ya 42 Capablanca alikubali kushindwa, hakuna pa kukimbilia tena.

Basi si hilo tu. Mchezo wake uliofuata Capablanca alikutana na Tarrasch, na mtu yule aliyekuwa hakosei akapoteza kete nzima mapema, akafungwa tena. Kengele ya mwisho: Lasker pointi 13 na nusu, Capablanca 13, Alekhine 10. Nusu pointi!

Ipo hadithi inayopendwa sana kwamba Tsar Nicholas II mwenyewe aliwapa wale watano wa fainali cheo cha grandimasta. Marshall aliisimulia katika kitabu cha maisha yake, lakini watafiti hawajapata ushahidi wa wakati ule kuiunga mkono, na neno lenyewe lilikuwa likitumika kabla. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lilianza kutoa cheo hicho rasmi mwaka 1950. Mimi sioni kama hadithi ya Tsar inahitajika. Kisa chenyewe kinatosha.

Wapo wanaosema Lasker alishinda kwa uganga, kwamba alisoma akili za watu badala ya kusoma ubao. Sikubaliani nao. Lasker aliusoma ubao vizuri sana. Alichoongeza ni kujua nani amekaa upande wa pili na anataka nini. Mtu anayeongoza ana ugonjwa wake. Jana alicheza apate, leo anacheza asipoteze. Mikono ni ileile, ila sasa kila njia ya ujasiri anaiona ina shimo. Capablanca wa duru ya kwanza, naamini, asingekubali askofu wake afungiwe. Capablanca wa tarehe 18 Mei alikuwa analinda akiba.

Sisi vijana tunapenda kusema wazee watupishe, zama zao zimekwisha. Huenda ni kweli. Lakini kiti hakipatikani kwa kusubiri mzee achoke, na pointi moja na nusu si kiti. Utu uzima dawa.

Hata hivyo nisimwonee kijana yule, maana sehemu ninayoipenda zaidi inakuja baadaye. Mwaka 1921 Capablanca alitoa kitabu cha kufundisha, Chess Fundamentals, na ndani yake akauweka mchezo huu aliofungwa, ausome kila mtu. Alikataa kwamba hatua ya f5 ndiyo iliyomuua. Alisema yalihitajika makosa yake kadhaa mpaka afike pabaya. Ni jibu la mtu mwenye kiburi, lakini ni kiburi kinachosema: makosa ni yangu. Mwaka huohuo, kwao Havana, alipambana na Lasker kwa taji. Michezo 14: alishinda 4, sare 10, hakufungwa hata mmoja. Kiti akakipata.

Na Lasker? New York 1924, umri miaka 55, alikuwa wa kwanza kwa pointi 16, Capablanca wa pili kwa 14 na nusu, ingawa walipokutana wenyewe Capablanca alimfunga mara moja. Tazama pengo lenyewe: pointi moja na nusu. Mwaka 1933 Lasker alilazimika kuihama Ujerumani ya Hitler. Moscow 1935, umri miaka 66, akawa wa tatu bila kufungwa, na katika aliowafunga alikuwemo Capablanca. Lasker alifariki New York Januari 1941, katika hospitali ya Mount Sinai. Mwaka mmoja baadaye, Machi 1942, Capablanca naye akafia katika hospitali ileile.

Mji waliochezea umebadili jina mara tatu tangu wakati ule, mpaka mwaka 1991 ukarudia la zamani. Miezi michache baada ya fainali ile Ulaya iliingia vitani. Mashindano ya Mannheim, Ujerumani, yalivunjwa katikati Agosti 1914, na Alekhine, aliyekuwa anaongoza, akatiwa kizuizini pamoja na wenzake kutoka Urusi. Falme zilianguka. Hatua 42 za Lasker na Capablanca zipo vilevile, hazijapungua hata moja. Ukipata ubao, zipange. Ukifika hatua ya 16, farasi akiwa ametua e6, usiendelee haraka. Geuza ubao, kaa upande wa Capablanca, uone kama wewe ungethubutu.