Kibaba Kisichojaa

Wahenga walituachia methali kwamba haba na haba hujaza kibaba, nasi tukaipokea bila kuikagua. Mimi nimeishi miaka mingi kati ya Shinyanga na Geita, nchi ambayo watu wake hupima haba yao kwa gramu na kwa pointi, nami naona methali hiyo imeficha swali. Ni haba zipi hujaza kibaba, na zipi hazitakijaza hata zikitiwa milele?

Chukua nusu kibaba, ongeza robo, kisha thumuni, na kuendelea hivyo kwa nusu ya kila kilichotangulia. Utatia bila mwisho na kibaba kimoja hutakivuka. Sasa chukua nusu, ongeza theluthi, robo, humusi, sudusi na kuendelea. Hizi nazo zinasinyaa kuelekea pasipo na kitu, na jicho halioni tofauti kubwa. Lakini Mfaransa Nicole Oresme, katika karne ya 14, alionyesha kuwa zinajaza kibaba, zinajaza pishi, hata ziwa zitalijaza. Hoja yake ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Theluthi na robo kwa pamoja huzidi nusu. Nne zinazofuata, humusi hadi thumuni, nazo huzidi nusu, na nane zinazofuata hali kadhalika. Kwa hiyo unaongeza nusu juu ya nusu bila kikomo. Tofauti iko katika kasi ya kusinyaa, na kwa kuipima kasi hiyo kalkulasi ya akina Newton na Leibniz ilipata kazi yake katika karne ya 17.

Sasa tuje kwenye mialo ya Geita. Mchanga uliokwisha kusagwa, kuoshwa na kukamatishwa dhahabu yake kwa zebaki hautupwi. Huitwa marudio, nao huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi. Tuseme, kwa mfano tu, mchanga una gramu 10 za dhahabu, na kila uoshaji hutoa sehemu 3 katika 10 za kilichobaki. Mara ya kwanza utapata gramu 3, ya pili 2.1, ya tatu 1.47. Baada ya mara 10 itakuwa imebaki gramu 0.28 hivi. Kwa hesabu hiyo hakuna uoshaji wa mwisho, maana siku zote kitabaki kitu, na mwenye marudio anayeapa kwamba dhahabu haijaisha hasemi uongo. Lakini jumla yake haitavuka gramu 10, hata wajukuu wake wakirithi beseni. Gharama hazina adabu hiyo. Maji ya mara ya kumi ni mengi kama ya mara ya kwanza, dizeli ni ile ile, na vijana wanaobeba viroba wanakula ugali ule ule. Mapato yana dari, matumizi hayana. Nimeona watu wakiuza ng'ombe kwa kutoijua tofauti hiyo.

Fasihi nayo ina lawama kidogo. Wengi wa rika langu tulisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard cha mwaka 1885 ambacho Frederick Johnson alikitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1929. Wasafiri wake wananusurika na almasi chache za mifukoni, wakaacha makasha nyuma yao, na tundu walilotokea hawakuliona tena. Ndiyo maana hazina ile haiishi akilini mwetu: hakuna aliyerudi kuihesabu.

Ya Mwadui ilihesabiwa. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua pale Shinyanga bomba la mwamba wa kimberlaiti ambalo mdomo wake una ukubwa wa hekta 146, nalo husinyaa kadiri linavyoshuka. Ukilitazama huwezi kumkosa Mwitalia Evangelista Torricelli. Katika miaka ya 1640 yeye alithibitisha kwamba pembe inaweza kurefuka bila mwisho, ikisinyaa, na bado ujazo wake ukawa kiasi kinachojulikana. Wanafalsafa wa zama zake walikasirika. Wachimbaji wetu, nadhani, wangemwelewa upesi zaidi, ingawa shimo lao wao huliita duara.

Kuna pingamizi ambalo nalikubali nusu. Habari za dhahabu ya Geita zilianza wakati wa Wajerumani, mwaka 1898. Mgodi ukachimbwa kuanzia miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mtu aliyesema wakati huo kwamba kibaba kimefika mwisho alikuwa sahihi kwa zana za siku zile, lakini mwaka 2000 mgodi mkubwa ulifunguliwa Geita, wa mashimo ya wazi na sayanaidi, ukasaga miamba ambayo wazee wangeipita bila kugeuka. Basi, husema watu, ardhi haina mwisho. Mimi siafiki. Njia mpya ilipandisha dari, nayo dari iliyopandishwa bado ni dari.

Na iko haba nyingine isiyowekwa kwenye mizani ya mnunuzi. Zebaki inapochomwa, sehemu yake hupaa na moshi juu ya vichwa vya wachomaji, na sehemu nyingine ilikwisha kubaki mchangani, ikaondoka na marudio. Zebaki haiozi. Kinachoongezwa mwaka huu hakikuwi kidogo kwa sababu mwaka jana kiliongezwa kingi, kwa hiyo haba hizi si za nusu na robo na thumuni, ni zile zinazovuka kila kipimo, nazo masika yakianza huteremka na maji kuelekea ziwani.