Uwianishaji wa vitu na majedwali

Nomino, ngeli ya U-U. Kitenzi: wianisha. Kifupisho cha kimataifa: ORM.

Maana. Katika uundaji wa programu za kompyuta, ni mbinu ya kuoanisha vitu vya programu na majedwali ya hifadhidata, ili mtayarishaji asome na kuhifadhi data kwa lugha anayoitumia, kama vile Java au Python, pasipo kuandika kila ulizo la SQL kwa mkono. Kwa kawaida, aina ya vitu huoanishwa na jedwali, kitu kimoja na safu mlalo moja, na sifa ya kitu na safu wima. Hibernate ya Java na mfumo uliomo ndani ya Django ya Python ni mifano maarufu.

Tafsiri. Mfasiri huweza kushawishika kuandika “uwianishaji wa vitu na uhusiano”. Tafsiri hiyo hupotosha. Edgar F. Codd, aliyeeleza nadharia ya hifadhidata za aina hii mwaka 1970 akiwa IBM, aliazima istilahi ya hisabati yenye maana ya seti ya mifuatano ya thamani, ambayo mtumiaji huiona kama jedwali. Hakukusudia kiungo baina ya majedwali. Neno “uhusiano” libakie kwa viungo hivyo, mathalani kati ya mwanafunzi na shule yake.

Tofautisha na ugeuzaji. Kitu hakigeuki kuwa jedwali. Kila kimoja hubaki mahali pake, na baina yao maulizo ya SQL huendelea kutumwa. Anayesahau hilo huandika msimbo mfupi wenye kazi kubwa iliyojificha. Programu ikileta orodha ya wanafunzi 40 kwa ulizo moja, kisha ikataja shule ya kila mmoja ndani ya kitanzi, huweza kutuma maulizo mengine 40, jumla 41. Ulizo moja linalounganisha majedwali mawili lingetosha. Kwa hiyo mbinu hii humpunguzia mwanafunzi uandishi wa SQL, lakini haimwondolei haja ya kuielewa.

Mfano katika sentensi. *Kabla ya kulaumu hifadhidata kwa uzito wake, walikagua maulizo yaliyozalishwa na uwianishaji wa vitu na majedwali.*

Tazama pia: hifadhidata, jedwali, ulizo.