Linux Ilivyoizika Chipu Iliyoizaa

Aprili 2025, Ingo Molnar, mmoja wa wasimamizi wa msimbo wa chipu za ukoo wa x86 katika kiini (kernel) cha Linux, alipendekeza chipu za Intel 486 ziachwe kuhudumiwa. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alikwisha kusema kwamba haoni sababu ya mtu kupoteza hata sekunde moja kwa ajili ya chipu hizo. Waliofuatilia mambo haya kwa muda mrefu walilikumbuka jina la Molnar. Ndiye aliyeizika 386, chipu iliyoitangulia 486, mwaka 2012.

Mwanzo wa Linux unajulikana: Helsinki, 1991, mwanafunzi na kompyuta yake mpya ya 386. Alipoutangaza mfumo wake Agosti, Torvalds alisema wazi kuwa hautahamishika kwenda mashine nyingine, kwani unategemea namna 386 inavyobadilishana kazi. Januari 1992 Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, mtunzi wa mfumo wa Minix, alimvaa hadharani: mfumo huu umepitwa na wakati, na shukuru Mungu wewe si mwanafunzi wangu, maana alama nzuri usingepata. Wengi hukumbuka ubishi wao juu ya muundo wa kiini. Lawama ya pili husahaulika: kwamba ni kosa kuufunga mfumo kwenye ukoo mmoja wa chipu. Torvalds alijibu kwa ukali, kisha akaomba radhi kwa lugha aliyotumia.

Lakini 386 yenyewe ilikuwa na kasoro iliyowatesa mafundi kwa miaka. Ukurasa wa kumbukumbu ukiwekewa alama ya kusomwa tu, programu ya kawaida ikijaribu kuuandika chipu hugoma. Kiini chenyewe kikiandika, 386 hukiachia kimyakimya. Hapo ndipo balaa: programu mbili zinaweza kushiriki ukurasa mmoja, na kiini kikiandika kwa niaba ya moja, data ya nyingine inaharibika. Ikabidi kiini kikague kila ukurasa kabla ya kuuandika. Tena, kati ya kukagua na kuandika, hali huweza kubadilika. 486, iliyotoka 1989, ilileta kinga hiyo ndani ya chipu, pamoja na amri ya kulinganisha na kubadilisha thamani kwa hatua moja, ambayo 386 haikuwa nayo.

Intel iliacha kutengeneza 386 mwaka 2007, ila msimbo wake uliendelea kubebwa. Kila mafundi waliporekebisha mambo ya kompyuta zenye prosesa nyingi, ilibidi waikumbuke. Desemba 2012 Molnar alipeleka mabadiliko ya kuiondoa, akimtania Torvalds kwa kilio cha uongo kwamba 386 yake ya 1991 haitawaka tena kwa kiini kipya. Torvalds alijibu kuwa yeye si mtu wa hisia, na iende zake. Ikaondoka katika toleo 3.8, Februari 2013.

Simu za Android tulizo nazo mifukoni zinaendeshwa na kiini hikihiki, lakini hatuwasikii kabisa wanaokisafisha. Anayeongeza kipengele kipya hupigiwa makofi. Anayefuta maelfu ya mistari bila kuvunja chochote hapewi hata shukrani, ingawa kazi yake mara nyingi ni ngumu zaidi.

Mwenye 386 bado anaweza kuwasha Linux 3.7 au ya nyuma yake. Hitilafu atakayoikuta humo ataitengeneza mwenyewe.