Mgongo wa Kogo, Shingo Yangu

Kogo wangu huinuka kwenye kigoda kwa awamu tatu. Kwanza mikono juu ya magoti, halafu anatulia kidogo, halafu ndiyo mgongo unafuata. Alichuma chai miaka mingi kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho kabla ya kurudi nyumbani Ndanai. Mwaka jana nilikaa kwake mwezi mzima nikifanya kazi zangu za mtandaoni, na jioni moja aliniona nikitoka mezani nimeshika kiuno, shingo imekakamaa. Alicheka. "Na wewe ulibeba kikapu gani?"

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za watu nisiowajua na kuziandika. Nalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa nilizokaa. Kogo alilipwa kwa kilo. Ilinichukua muda kuona kwamba hapo ndipo migongo yetu inakutana.

Maumivu haya ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka wa 1700, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Katika toleo la baadaye, alipofika kwa makarani, watu wa kalamu na wino, alitaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa siku nzima, mkono kwenda upande uleule bila kupumzika, na akili kukazwa ili isikosee. Toa kalamu, weka kibodi. Huyo ni mimi.

Kujua ugonjwa ni jambo moja, kuaminiwa ni lingine. Miaka ya 1980, kibodi zilipojaa maofisini Australia, maelfu ya wafanyakazi walilalamika kuhusu maumivu ya mikono. Ubishi ulikuwa mkali, na wapo madaktari waliosema shida iko kichwani tu. Hata hivyo, mwaka wa 1990 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha kanuni za kazi za skrini: mwajiri akague meza, kiti na mwanga, na kazi ikatizwe kila mara kwa mapumziko au shughuli nyingine. Kenya nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri kulinganisha mahali pa kazi na mwili wa mfanyakazi, si kinyume chake.

Lakini sheria humtafuta mwajiri, na kumpata si rahisi. Wachumaji zaidi ya 1,000 wa Kericho walipeleka madai yao hadi mahakama ya Edinburgh, Scotland, dhidi ya kampuni ya James Finlay (Kenya), iliyosajiliwa huko. Walidai kazi ya kuinama na kubeba mizigo iliwaharibu migongo, kampuni ilikana. Mwaka wa 2022 waliruhusiwa kushtaki kama kundi. Mwaka wa 2023 majaji wa rufaa waliisimamisha kesi, wakisema madai yapitie kwanza utaratibu wa Kenya, chini ya sheria ya fidia za majeraha kazini. Kogo hakuwa miongoni mwao, lakini habari zake alizifuata redioni.

Sasa fikiria mimi. Wachumaji angalau walijua jina la kumshtaki. Mimi nina programu, neno la siri, na meza ya kulia chakula. Nani atakuja Ndanai kukagua kiti changu?

Basi nimejikagua mwenyewe. Nimeinua laptopu juu ya katoni mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, nikanunua kibodi ya kando. Viwiko vinakaa karibu na mbavu, na nyayo zinagusa sakafu. Kila dakika 20 natazama mbali kidogo, kule kwa ng'ombe wa jirani, kwa sekunde 20. Haya yote yanasaidia, kweli. Lakini hayagusi mzizi wenyewe: ukilipwa kwa kipande, kupumzika unakulipia wewe.

Nilimuuliza Kogo wao walipumzika saa ngapi. Akasema, "Kwenye foleni ya mizani." Hakuna aliyewapangia. Kikapu kilisubiri kupimwa, na mgongo nao ukasubiri, ukiwa umenyooka. Mimi sina foleni. Faili moja ikiisha, nyingine imeshafunguka.

Kwa hiyo nimejiwekea mizani yangu. Faili ikiisha, nasimama, natembea hadi kwenye ua na kurudi, ndipo nafungua nyingine. Nikipiga hesabu ya kazi, dakika hizo naziweka ndani, na kazi ambayo malipo yake hayatoshi mtu kusimama, siichukui. Kuna wiki napata pesa kidogo kuliko zamani, na kodi ya Nairobi haijui habari ya mgongo. Lakini nina miaka 26, na nataka kuifanya kazi hii mpaka 60. Halafu, nikiinuka kwenye kigoda, niinuke kwa awamu moja.