Tumbo la mdudu ndilo huamua dawa ya kumuua

Na Mwandishi Wetu

Kiwavi anayetoboa kabichi shambani na fukusi anayetoboa maharage ghalani wote huishi kwa kula mimea. Hata hivyo, dawa inayommaliza mmoja inaweza isimguse mwingine. Kwa wakulima wa mboga na maharage katika Milima ya Usambara, wakiwamo wa maeneo kama Kata ya Mgwashi, wilayani Lushoto, kujua sababu yake ni kuokoa fedha na mazao.

Sababu mojawapo kubwa ni kiwango cha tindikali tumboni, ambacho hupimwa kwa pH. Maji safi yana pH 7. Chini ya hapo ni tindikali, kama maji ya limau. Juu ya hapo ni alkali, kama maji ya magadi. Tumbo la binadamu huwa na pH ya kati ya 1.5 na 3.5, wakati utumbo wa kati wa viwavi wengi huwa na pH ya kati ya 8 na 11.

Vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja chakula, hutegemea kiwango hicho. Kila kimoja kina pH inayokifaa. Ikibadilika mno, umbo lake huharibika na kazi husimama. Tripsini ya kiwavi hufanya kazi vyema katika alkali. Alkali hiyo pia humkinga dhidi ya tanini, kemikali za majani zenye ukakasi kama ule wa chai ya rangi, ambazo kwenye tindikali hushikamana na protini na kuzuia usagaji wa chakula.

Fukusi wa maharage amefuata njia nyingine. Utumbo wake una tindikali kidogo, na hutumia vimeng'enya vya jamii tofauti. Ndiyo maana protini za maharage mabichi zinazozuia tripsini hazimsumbui sana.

Hapo ndipo inapoingia dawa ya kibaiolojia iitwayo Bt, itokanayo na bakteria Bacillus thuringiensis, aliyegunduliwa nchini Japani mwaka 1901 katika viwavi wa hariri. Bakteria huyo hutengeneza chembe za protini zisizo na madhara mpaka ziliwe. Zikifika katika utumbo wa kiwavi, alkali huziyeyusha, kisha vimeng'enya vyake mwenyewe huzikata na kuzigeuza sumu inayotoboa ukuta wa utumbo. Kiwavi huacha kula, na hufa baada ya siku chache.

Bt ya viwavi, kwa hiyo, haifai kwa fukusi. Maharage makavu yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hukosa oksijeni.

Shambani, Bt inyunyizwe jioni, kwa kuwa jua huiharibu, na viwavi wakiwa bado wadogo. Maji yenye alkali nyingi yasitumike kuichanganya, kwani yanaweza kuyeyusha chembe hizo kabla hazijaliwa.

Aidha, isitumike peke yake msimu hadi msimu. Mwaka 1990 wanasayansi waliripoti kwamba nondo wa kabichi, Plutella xylostella, alikuwa amejenga usugu dhidi ya Bt katika mashamba ya Hawaii, nchini Marekani. Dawa iliyozoeleka na wadudu haina tena thamani kwa mkulima, hata ikiuzwa kwa bei nafuu.