Usimamizi wa ubora wa jumla: mchele wa Mwea

Usimamizi wa ubora wa jumla ni utaratibu wa kuendesha biashara ambamo ubora ni kazi ya kila idara na kila mfanyakazi, si ya mkaguzi wa mwisho peke yake. Ulikomaa nchini Japani baada ya mihadhara ya Mmarekani W. Edwards Deming mwaka 1950. Kiwango cha ISO 9001, kilichotolewa mara ya kwanza 1987, ni cha ukoo huo.

Huko Mwea, kaunti ya Kirinyaga, utaratibu huu hujaribiwa na pishori, mpunga wa aina ya Basmati 370. Mashine ya kukoboa haiongezi harufu wala haiungi punje iliyopasuka. Mbegu ikichanganyika na BW 196, mpunga wenye mavuno mengi lakini usionukia, kasoro imeshaingia kitaluni. Mavuno yakichelewa, au mpunga ukikaushwa kupita kiasi, punje hupata nyufa na kutoka chenga. Ukianikwa kando ya barabara bila turubai, huokota changarawe. Hata pishori safi huharibiwa na mfungashaji anayeichanganya na mchele wa kutoka nje kisha akaandika Mwea kwenye mfuko. Mnunuzi wa Nairobi huja kugundua sufuria ikiwa tayari jikoni.

Skimu ya umwagiliaji ya Mwea ilianza 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, kwa nguvu za mahabusu. Kuanzia 1966 Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ilishika karibu kila hatua: maji ya mito Thiba na Nyamindi, kulima, pembejeo, ununuzi, ukoboaji. Kwa mpangilio, ulikuwa mfumo ulioungana sana. Kwa roho yake ulikuwa kinyume kabisa cha mafundisho ya Deming, aliyetaka woga uondolewe kazini: mkulima alikuwa mpangaji wa ekari nne, asiye na sauti juu ya bei, na angeweza kufukuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waliiasi Bodi hiyo, wakauza mpunga kupitia ushirika wao. Siku hizi vinu vya watu binafsi vimeenea Wang'uru, kila kimoja na masharti yake.

Mafunzo kwa wakulima hayakukosekana: Japani ilifadhili mradi wa kilimo cha mpunga, RiceMAPP, kuanzia 2012. Shida iko kwenye mizani. Mpunga ukinunuliwa kwa kilo bila kupimwa unyevu, aliyekausha vizuri hulipwa pungufu kuliko jirani aliyeleta magunia mabichi.