Majivu na Lugha Yetu

Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakawakusanya humo watumwa waliokombolewa. Katika Jumatano ya Majivu, ifunguayo Kwaresima, matawi yaliyobarikiwa mwaka uliotangulia huchomwa, na majivu yake hupakwa waumini wote, padri naye pia. Hivyo aliyewahi kutiwa bei sokoni alihesabiwa mavumbi sawa na mwalimu wake. Usawa huo aliuona kwa macho. Lakini maneno ya ibada yalibaki ya Kilatini, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulipozifungulia mlango lugha za wenyeji. Leo tunakuta Kwaresima lenye asili ya Kilatini, toba la Kiarabu na majivu la Kibantu katika ibada moja. Ndivyo utamaduni wetu ukuavyo: hupokea, kisha husema kwa ulimi wake.